Ukuta wa Nyumba Si Uzio wa Bwawa

Katika Jiji la Dodoma nyumba nyingi mpya huanza na ukuta. Kabla ya chumba cha kwanza kuezekwa, mwenye kiwanja huwa amekwisha kuamua urefu wa ukuta huo, rangi ya geti lake na aina ya kufuli litakalofungwa usiku. Ukuta wa namna hiyo una manufaa yake: huzuia mwizi, mbuzi wa jirani na macho ya wapita njia. Lakini mtoto wa miaka miwili anayekufa maji nyumbani kwao hakuingia kwa kuruka ukuta. Alikuwa tayari ndani ya geti. Alitoka sebuleni kwa miguu yake, akafuata mpira au kivuli chake, akafika kwenye maji pasipo kukutana na kizuizi chochote.

Makala haya yanahusu kizuizi hicho kinachokosekana, yaani uzio wa chuma unaoyazunguka maji yenyewe. Tumeyaandika tukiwafikiria wakazi wa Chang'ombe na mitaa inayofanana nayo. Msomaji anaweza kuuliza ni nyumba ngapi za Chang'ombe zenye bwawa la kuogelea. Ni chache. Lakini wakazi wa mitaa hiyo wamo miongoni mwa wale wanaofanya kazi katika nyumba zenye mabwawa: yaya, mtunza bustani, fundi wa kuchomelea, mlinzi. Tena majumbani mwao wenyewe kuna tenki la chini ya ardhi, kisima kifupi, au shimo lililochimbwa kwa ajili ya choo na kujaa maji ya mvua kabla halijafunikwa. Bwawa la kuogelea ndilo lililochunguzwa zaidi na wataalamu, na ndiyo maana vipimo vyake viko wazi. Tukiisha kuvielewa, tutaviazima.

Dodoma imekua upesi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu wakazi 410,956. Ile ya mwaka 2022 ikahesabu 765,179. Ukuaji huo umeleta hoteli, nyumba za wageni na makazi yenye mabwawa katika nyanda ambazo kwa miezi saba ya mwaka hazioni mvua. Umeleta pia mahitaji makubwa ya kuhifadhi maji nyumbani, kwa kuwa mgawo wa maji ni jambo la kawaida. Kwa hiyo maji ya kina kirefu yamesogezwa karibu na mlango wa jikoni kuliko wakati wowote uliopita, katika mji ambao watoto wake wengi hawajifunzi kuogelea, kwa sababu hakuna ziwa wala bahari ya kuwafundishia.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya Desemba 2024 kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na kwamba takriban robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Vifo tisa katika kila kumi hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Takwimu iliyotugusa zaidi ni nyingine: tangu mwaka 2000 kiwango cha vifo hivi kimeshuka kwa asilimia 68 katika kanda ya Ulaya ya Shirika hilo, ilhali katika kanda ya Afrika kimeshuka kwa asilimia 3 tu. Maji ya Ulaya hayakupungua kina. Kilichobadilika ni vizuizi, usimamizi na uokoaji.

Methali yetu husema mfa maji haachi kutapatapa. Kwa mtu mzima yaweza kuwa kweli. Kwa mtoto mdogo methali hiyo inapotosha. Mtoto anayezama hana pumzi ya kupiga kelele, kwa maana mdomo wake u chini ya maji au unachungulia kwa nukta chache tu. Mikono yake husukuma maji chini, haipungi. Mzazi aliye mita tano kutoka hapo, akikaanga vitunguu huku redio ikiwa imefunguliwa, hasikii lolote. Ubongo unaokosa oksijeni huanza kupata madhara ya kudumu katika muda wa dakika nne hadi sita, na huo ni muda mfupi kuliko ule wa kupokea simu na kuagana. Hatuandiki haya kumlaumu mama wa mtoto. Twayaandika kwa sababu ushauri wa "mwangalie mtoto", peke yake, hudai jambo ambalo hakuna binadamu anayeliweza kwa saa kumi na mbili za mchana.

Uthibitisho kuhusu uzio ni wa zamani na ni imara. Nchini Australia na New Zealand, ambako mabwawa ya nyumbani yalienea mapema, madaktari wa watoto walianza kuhesabu vifo vya mabwawani miaka ya 1970, na sheria zikafuata: New Zealand ilitunga sheria ya uzio wa mabwawa mwaka 1987. Thompson na Rivara, katika mapitio yao ya tafiti yaliyochapishwa na Cochrane, walilinganisha aina mbili za uzio. Aina ya kwanza huzunguka kiwanja chote, na mlango wa nyumba ukafungukia moja kwa moja upande wa bwawa. Aina ya pili hulizunguka bwawa lenyewe pande zote nne na kulitenga na nyumba. Uwezekano wa mtoto kuzama ulikuwa mdogo zaidi penye uzio wa aina ya pili, takriban sehemu moja ya sita ukilinganisha na ule wa kwanza. Ukuta wetu wa Dodoma, hata uwe na nyaya za umeme juu yake, ni uzio wa aina ya kwanza.

Wagogo, wenyeji wa nyanda hizi, hawahitaji kufundishwa maana ya boma. Boma la miiba huzunguka ng'ombe ili fisi abaki nje. Uzio wa bwawa hugeuza mantiki hiyo: fisi ndiye anayezungushiwa boma, na watoto hubaki nje wakicheza. Fundi akielewa hilo, nusu ya kazi imekwisha, maana atajua kwamba upande wa kuzuia ni ule wa nje, na kwamba kila kipimo hupimwa kwa mwili wa mtoto.

Vipimo vyenyewe

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, na mwenye nyumba hana budi kumwonyesha mhandisi wa halmashauri mchoro wa bwawa pamoja na uzio wake kabla ya kuchimba. Kwa vipimo vya uzio, twapendekeza kufuata kiwango cha Australia kijulikanacho kama AS 1926.1, kwa kuwa kimejaribiwa kwa miaka mingi na hakihitaji kifaa chochote kisichopatikana Dodoma.

Kimo cha uzio kisipungue mita 1.2 kutoka ardhini kwa upande wa nje. Sisi twashauri mita 1.4, kwani nyongeza ya sentimita 20 haiongezi gharama kubwa, na ardhi ya nje huinuka kidogo kidogo kwa vumbi na mchanga. Nafasi kati ya chuma kimoja cha wima na kingine isizidi sentimita 10, wala nafasi ya chini kati ya uzio na ardhi isizidi hapo. Chini pawe pagumu, zege au matofali. Penye udongo mtupu mbwa atachimba na mtoto atapita alipopita mbwa. Namna rahisi ya kukagua ni kukata kipande cha mbao cha mchemraba wenye sentimita 10 kila upande. Kikipenya popote, kazi irudiwe.

Hapa ndipo urembo unapoingia na kuharibu. Karakana za kuchomelea za mitaani kwetu zina ustadi wa kupendeza: maua ya chuma, miduara, herufi za kwanza za jina la mwenye nyumba, misalaba na nyota. Mteja hujisikia fahari, na fundi humwuliza kwa heshima, "Mama, hapa katikati tukuwekee maua?" Jibu liwe hapana. Kila ua lililo katikati ya uzio ni kidato cha ngazi. Mtoto wa miaka mitatu hupanda dirisha la nondo za maua kwa wepesi ambao wazazi wote wameushuhudia. Uzio wa bwawa uwe na vyuma vya wima peke yake, na vyuma viwili tu vya ulalo: kimoja chini kabisa, kingine karibu na kilele, vikiachana kwa sentimita 90 au zaidi. Maua na yawekwe kwenye geti la barabarani.

Ncha za mikuki nazo ziachwe. Zimezoeleka katika kuta zetu, na zina maana yake dhidi ya mwizi, lakini mtoto mkubwa atakayejaribu kuvuka ataangukia juu yake kwa kwapa, paja au shingo, nasi tutakuwa tumebadilisha ajali moja kwa nyingine. Kilele kiwe bapa.

Kwa mita moja kuzunguka uzio upande wa nje pasiwe na chochote cha kukanyagia. Kiwango tulichokitaja hudai sentimita 90. Ndoo iliyopinduliwa, kiti cha plastiki, jaba la maji, rundo la tofali, mti wa mwarobaini wenye tawi la chini, mashine ya kiyoyozi: vyote hivi ni ngazi. Kwa kuwa viti vya plastiki huhamahama, ukaguzi wa sehemu hii ni wa kila siku.

Mlango

Uzio mzuri huharibikia mlangoni. Mlango wa uzio wa bwawa ufunguke kuelekea nje, mbali na maji, ili mtoto anayeusukuma awe anaufunga badala ya kuufungua. Ujifunge wenyewe kutoka nafasi yoyote ulipoachwa, na komeo lijifunge bila kuguswa. Mahali pa kufungulia komeo pawe na kimo cha mita 1.5 kutoka ardhini. Likiwekwa chini ya hapo, liwe upande wa ndani na likingwe kwa bamba ili mkono mdogo usilifikie kwa kupenya kati ya vyuma.

Bawaba zenye springi huuzwa katika maduka makubwa ya vifaa vya ujenzi, ila bei yake huwakatisha wengi tamaa. Fundi hodari aweza kupata matokeo hayo hayo kwa kuinamisha nguzo ya bawaba kidogo, ili uzito wa mlango wenyewe uurudishe. Lililo muhimu ni jaribio. Fungua mlango wote, uachie. Kisha ufungue kiasi cha upana wa vidole vitatu tu, uachie tena. Usiusukume. Mara zote mbili komeo lisikike likiingia. Wengi hufaulu jaribio la kwanza na kushindwa la pili, kwa sababu mlango ulio karibu kufungika hauna mwendo wa kutosha kulisukuma komeo. Dodoma ina upepo na vumbi la kipupwe, navyo huziba bawaba upesi; jaribio hili lifanywe kila juma, na grisi iwe karibu.

Adui mkubwa wa mlango huu ni sherehe. Siku ya ubatizo au ya kumwaga binti, vyombo hupita kwenda na kurudi, na mtu fulani kwa nia njema huuzuia mlango kwa tofali ili usimsumbue. Siku hiyo ndiyo watoto wa wageni, wasioijua nyumba, wamejaa uani. Ndiyo siku ambayo kila mtu mzima anaamini kwamba mwingine anaangalia. Ateuliwe mtu mmoja kwa jina, asiyekunywa pombe, akae upande wa bwawa bila simu mkononi, apokewe na mwingine kila baada ya nusu saa.

Chuma, kutu na umeme

Kwa nini chuma? Mbao nyanda hizi huliwa na mchwa, na mabati huziba macho, ilhali mzazi anapaswa kuyaona maji kutoka dirishani. Nguzo za skwea paipu ya inchi 2 zisimame kwa umbali usiozidi mita 2, zifukiwe sentimita 60 katika zege la uwiano wa 1:2:4, na uso wa zege uinuliwe kama kichuguu ili maji yatiririke mbali. Chuma huoza pale hasa kinapokutana na ardhi. Maji ya visima vingi vya Dodoma yana chumvichumvi, na maji ya bwawa yana klorini. Vyote viwili huharakisha kutu. Viungo vyote visuguliwe kwa grenda hadi vilaini, vipakwe rangi ya msingi ya kuzuia kutu mara mbili kabla ya rangi ya juu, na vichwa vya paipu vizibwe kwa bamba. Nguzo iliyooza kwa ndani husimama vizuri hadi siku inapoegemewa.

Penye pampu ya umeme, uzio wa chuma uunganishwe na waya wa erthi na fundi umeme aliyesajiliwa, na pampu iwe na swichi ya kukata umeme unaovuja. Chuma kilicholowa, mtoto aliyelowa na waya uliochunika havifai kukutana.

Turubai la kufunika bwawa si mbadala wa uzio. Mtoto hulikanyaga, likazama naye, likamfunika. Wala maboya ya mkononi si vifaa vya uokoaji, ni michezo.

Tenki, kisima na shimo

Sasa turudi uani kwa nyumba isiyo na bwawa. Tenki la chini ya ardhi linahitaji shingo ya zege iliyoinuka, mfuniko wa chuma ambao mtoto hawezi kuunyanyua, na kufuli. Twaongeza jambo moja ambalo fundi yeyote wa kuchomelea aweza kulifanya kwa mabaki ya nondo: wavu wa mraba wa sentimita 10, uliokazwa chini ya mfuniko. Ndoo ndogo au bomba la pampu litapita kwenye tundu lililoachwa kwa makusudi, mtoto hatapita, hata siku mfuniko utakaposahauliwa wazi. Na mtu mzima asiingie kusafisha tenki peke yake, wala asimfuate aliyezimia humo kabla ya kupuliza hewa. Hewa ya ndani ya tenki lililofungwa yaweza kukosa oksijeni, na mwokoaji akafa pamoja na aliyeokolewa.

Shimo la ujenzi lifukiwe, au lizungushiwe miti na miiba kabla ya mvua za Desemba. Gharama yake ni jasho la asubuhi moja.

Kuna kundi la wagonjwa tunalotaka kuzungumza nalo waziwazi. Mwenye kifafa yumo hatarini zaidi ya wengine penye maji, naye aweza kufa katika maji ya kina cha goti. Tanzania ina ushuhuda wake. Daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge mwaka 1960, na wagonjwa wa kliniki hiyo walipofuatiliwa kwa miaka thelathini, kufa maji kulikuwa miongoni mwa sababu za vifo vyao. Mgonjwa asiyetulia kwa dawa asichote maji kisimani peke yake, asioge bwawani bila mtu anayeweza kumtoa, na mlango wa uzio ufungwe kwa ajili yake pia. Muuguzi wa kliniki anayegawa dawa na aulize: nyumbani kwenu maji mnayapata wapi, na nani huyachota?

Mtoto akitolewa majini

Mweke chali mahali pagumu. Usimning'inize miguu juu, usimkamue tumbo. Maji yanayotoka kwa njia hiyo hutoka tumboni zaidi ya mapafuni, na matapishi huweza kuingia njia ya hewa. Kama hapumui, au anapumua kwa kukatakata, inua kidevu chake, mpulizie pumzi tano za kwanza ukitazama kifua kikiinuka, kisha anza kukandamiza kifua kwa kina cha theluthi moja, mara 100 hadi 120 kwa dakika: mikandamizo 30, pumzi mbili, bila kuacha. Watoa huduma wawili waliofunzwa watumie 15 kwa mbili. Kwa aliyekufa maji pumzi ni tiba ya kwanza, kwa sababu moyo wake umesimama kwa kukosa oksijeni. Mtu mwingine apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kutafuta gari.

Mtoto aliyepata fahamu naye apelekwe hospitali. Apimwe oksijeni, joto na sukari, apewe oksijeni ikihitajika, na aangaliwe kwa saa sita hadi nane, kwani mapafu yaweza kuvimba polepole. Dawa za kuua bakteria hazitolewi kwa kinga, na steroidi hazina manufaa yaliyothibitishwa. Istilahi za "kuzama kukavu" na "kukaribia kuzama" ziliachwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Amsterdam mwaka 2002. Leo twasema mtu amezama, kisha twaeleza matokeo: kifo, kupona na madhara, au kupona bila madhara.

Katika faili, neno "amezama" pekee halimsaidii mtu yeyote atakayefuata. Aandike aliyempokea mtoto: umri wake, saa, kama yalikuwa maji ya bwawa, tenki, kisima, shimo au ndoo, kama palikuwa na uzio, na kama ulikuwapo, mtoto alipita wapi.